Majivu kwenye Meza ya Saba

Meza ya saba iligeuka majivu kabla hata chai haijamiminwa.

Niliiona kwenye kioo changu cha kusomea meza kule jikoni nikadhani macho yananidanganya. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na ushee, ukumbi umejaa pomoni, foleni ya nje imezunguka jengo hadi chini ya reli ya juu, na meza nyingine zote zinawaka vizuri: shaba, shaba, dhahabu, shaba iliyokolea. Halafu pale katikati ya ukumbi, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote kwa kupiga picha, pana doa la kijivu utadhani mtu kamwaga majivu ya jiko.

"Kalunde!" Elineema aliingia mbio. Elineema ndiye meneja wa mkahawa wetu wa Saa Nne Kamili, na huwa haingii jikoni ila kuna jambo limechafuka mtandaoni. "Saba inakufa! Watu wanaiona ukutani huko nje."

"Naiona, bosi."

"Imeharibika?"

"Meza zangu haziharibiki."

Nikisema meza zangu simaanishi kujigamba, ingawa najigamba. Wapishi wana masufuria yao, wahudumu wana sinia zao, mimi nina meza. Ndimi niliyezifuma.

Kwa asiyewahi kufika Dodoma, au aliyefika akakatishwa tamaa na foleni, naeleza. Zamani mtu akitoka ofisini saa nne kwenda kibandani kunywa chai na chapati, bosi wake alimwita mtoro. Sisi tumeichukua chai ile ile, tukaitia kwenye glasi ndefu, tukaipandisha povu, tukamwagia unga wa iliki juu, na sasa watu wanapanda treni ya alfajiri kutoka Mwanza kuja kuinywa. Kitumbua tunakipakua kimoja tu, katikati ya sahani kubwa, na kando yake zabibu tatu za hapa hapa Dodoma zilizopasuliwa. Supu ya mbuzi inakuja kwenye kikombe cha kioo ili mifupa ionekane. Chakula si kibaya. Lakini tusidanganyane, hakuna anayesimama juani kwa ajili ya kitumbua kimoja.

Wanakuja kwa ajili ya meza. Chini ya ubao wa kila meza kuna wavu wa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukiweka mikono juu, nyuzi zinachukua mapigo ya damu kwenye ncha za vidole, unyevu wa viganja, joto la pumzi, hata namna unavyojiegemeza. Haisomi mawazo, maana hilo linaulizwa kila siku na nimechoka kulijibu. Inasoma mwili. Halafu inawajumlisha walioketi wote na kutoa rangi moja. Majivu maana yake watu wamekaa pamoja kwa miili tu. Shaba, wamestarehe. Dhahabu, wamefurahi kikweli kuwa pamoja, si furaha ya kuchekea kamera. Na kila rangi inaonyeshwa hapo hapo kwenye ukuta wetu wa nje, na kutoka ukutani inaingia Kibarazani, kule mtandaoni ambako nusu ya nchi inashinda.

Picha yako ukiwa umeegemea meza ya dhahabu ya Saa Nne Kamili haina mpinzani. Wachumba wanakuja kuthibitishana. Marafiki waliogombana wanakuja kuonyesha kwamba yameisha. Siku moja alikuja mkubwa fulani na kamati yake nzima, na kwa heshima tukawakalisha nyuma ya nguzo.

Jambo moja tu wageni hawalioni. Wao wanaona rangi ya meza. Mimi, kwenye kioo cha jikoni, naona rangi ya kila kiti. Hilo halitoki jikoni. Fundi wa meza anafunga mdomo kama daktari anavyofunga.

Nikaangalia viti vya saba. Vinne. Vyote majivu.

"Ngoja nikawaone," nikamwambia Elineema, nikachukua birika.

*

Wanne hao niliwatambua kirahisi kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa ukiwatazama. Kijana aliitwa Msabila, shati limenyooka, ananyanyua kijiti cha kamera kila baada ya muda. Pembeni yake mchumba wake Zaituni, gauni la kijani, kiganja kimelala mezani kama cha mtu anayepimwa presha. Upande wa pili mama yake Msabila, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Na mbele yake Mzee Pazi, baba yake Zaituni, mwembamba, kofia ya kiua imemkaa sawasawa kichwani.

Walikuwa wakikaribishana chapati.

"Karibu mzee, tafadhali, anza."

"Ahsante sana mama. Tangulia wewe."

"Haiwezekani nikutangulie, mzee wangu."

"Nitafurahi sana ukinitangulia, mama."

Chapati ilikuwa imepoa. Nikamimina chai taratibu, nikainua birika juu kabisa ili povu lipande, kumbe nasikiliza. Mama alisema maneno mawili matatu ya kuusifu mkahawa na nikaishika lafudhi yake palepale. Tabora. Kwetu. Kisha Mzee Pazi akataja kwamba wao asili yao ni Kisarawe.

Nilipitiliza kumimina, chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Mnyamwezi na Mzaramo wamekaa meza moja muda wote huo na hakuna aliyetukanwa? Nikajua hapo pana ugonjwa.

Utani wetu na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakitelemka pwani na mizigo kichwani na kupokelewa na hao hao. Mtani anaweza kukuchukulia kofia ukiwa umeivaa. Anaweza kula nyama kwenye sahani yako mbele ya wakwe zako. Ukifiwa anakuja kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka umbembeleze, na wewe uliyekuwa unalia unajikuta unacheka. Ukiona mtani wako anakuita "mzee wangu" kwa adabu, ujue ama amekukasirikia ama ana homa.

"Samahani," nikamnong'oneza Zaituni nikijifanya nafuta kisahani. "Hawa wakubwa si watani?"

Alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. "Tumewakataza, dada. Leo tu. Kuna kamera."

Nikaelewa, na nikaona haya kidogo kwa niaba ya kazi yangu. Meza zetu za mwanzo zilikuwa na masikio pia, zilisikiliza sauti ikipanda. Mwaka juzi ikaja familia ya watani hapa, wakaanza mambo yao, meza ikadhani ni vita ikawaka nyekundu pyu. Kibarazani watu waliicheka picha ile wiki nzima: ukoo wapigana mbele ya vitumbua. Masikio niliyang'oa mwenyewe baada ya hapo, na sasa meza inajali mwili tu. Lakini nani atawaambia watu? Picha ya nyekundu inakumbukwa, ukarabati haukumbukwi.

Basi nikafanya jambo ambalo limekatazwa wazi kwenye masharti yetu ya kazi. Niliweka birika chini, nikanyoosha mkono, nikaivua kofia ya Mzee Pazi, nikaivaa.

Kwa mbali nilimwona Elineema amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani kamruhusu Mzaramo kukalia kiti?" nikauliza kwa sauti. "Nyie si mnakalia ngoma?"

Mzee Pazi alinitazama kuanzia viatu mpaka ile kofia yake juu ya nywele zangu. Hakuna kitu usoni. Nikawaza leo unga umemwagika, naenda kuuza karanga.

"Wewe mtoto wa wapi?" aliuliza.

"Urambo, Tabora."

"Nilijua," akasema. "Mzigo wako umeuweka wapi?"

Mama Msabila aliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika kwenye foleni. Kilikuwa kimemkaa kifuani tangu alipoingia. "Mbebeshe mzee, mbebeshe!" alipiga meza. "Lakini na wewe Pazi, ukisikia ngoma kijiji cha tatu si unatoka hata kama uko hospitali na dripu mkononi?"

"Na dripu naiacha? Naipigia ngoma hiyo hiyo! Nyie mlitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na pembe kichwani, mkafika, mkapumzika, mkauliza kama hakuna mzigo wa kurudi nao!"

"Tulirudi na akili! Nyie mlibaki na nazi!"

Hapo mama akanyoosha mkono na kuichota nyama yote kwenye supu ya Mzee Pazi, akaila huku anamtazama usoni. Mzee akachukua chapati yake mama, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni. Watu wa meza za jirani walikuwa wamesimama kuangalia. Mimi niliangalia ubao. Kijivu kilikuwa kinarudi nyuma pembeni kama maji yanayokauka, shaba ikaingia, ikakolea, ikawa karibu na dhahabu. Kutoka nje nikasikia vigelegele. Ukuta umewaona.

Nilimrudishia mzee kofia yake kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, maana utani ni utani na mzee ni mzee. Nikarudi jikoni nimevimba kichwa.

*

Nilitarajia kuona viti vinne vya dhahabu. Niliona vitatu.

Mama Msabila alikuwa anawaka. Mzee Pazi alikuwa anawaka kumzidi. Msabila naye, dhahabu safi. Kiti cha nne kilikuwa majivu vile vile kama mwanzo. Nikachungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani nikidhani Zaituni ametoka. Hakutoka. Alikuwa amekaa, anacheka, anafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kitambaa, na mwili wake baridi.

"Imekwama kwenye shaba," Elineema alikuwa nyuma yangu. Hasira zilikuwa zimemtoka, maana Kibarazani walikuwa wanaipenda ile kofia. "Watu wanasubiri dhahabu. Isukume."

"Siwezi kuisukuma."

"Unaweza. Kuna ule ufunguo."

Upo ufunguo, kweli. Ni kipande cha kuzungusha upande wa kulia wa kioo, tunautumia asubuhi kabla ya kufungua ili kuhakikisha kila rangi inatoka. Ukiuzungusha, meza inaonyesha unachotaka wewe. Sijawahi kuugusa mgeni akiwa ameketi. Siku nitakapougusa, kila dhahabu tuliyowahi kutoa itakuwa rangi ya mimi kupenda, na si mimi ninayeolewa.

"Niachie kidogo," nikasema. Elineema akatoka kwenda kuwatuliza wa nje.

Hajafika mbali, mlango wa pembeni ukasukumwa, akaingia Zaituni.

"Nimeaga naenda kunawa," alisema. Alisimama karibu na tanuri, mikono ameifumbata. "Dada, nani majivu?"

"Siruhusiwi kusema, mdogo wangu."

"Ni mama mkwe? Hanitaki?"

"Siruhusiwi."

Lakini nilikosea. Macho yangu yalikwenda kwenye kioo, nukta tu, naye aliyafuata. Viti vinne, mpangilio ule ule walivyoketi, na kiti chake bado kimeshika rangi aliyoiacha. Hata mtoto angesoma.

"Ahaa," alisema polepole. "Mimi."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kueleza kwamba mwili una mambo mengi, njaa, joto, viatu vya kubana. Akanikatiza.

"Iweke dhahabu, dada yangu. Nakuomba. Msabila akijua ni mimi ataumia, na mimi nampenda, naapa. Nampenda mpaka nachukia."

"Sasa majivu ya nini?"

Akavuta kigoda cha wapishi akakaa. Akaongea haraka haraka kama mtu anayetapika.

Msabila alikuwa ameagiza meza ya nyumbani. Zimeanza kutoka, ndogo za kuweka jikoni, na nyuzi zake nilizifuma mimi pia. Ni zawadi yake ya harusi, ya viti sita, viwili vyao na vinne vya watoto ambao hata hawajazaliwa. Kijana yule alikulia nyumba ambayo baba na mama walikuwa wakinuniana siku nzima, naye mtoto katikati akijiuliza kosa ni lake au la nani. Akajiapiza nyumbani kwake haitakuwa hivyo. Kila asubuhi ataitazama meza, ajue mke wake ameamkaje, ajirekebishe.

"Si jambo zuri hilo?" niliuliza, na niliuliza kwa moyo kabisa.

"Dada, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Umewahi kuamka umechukia tu? Bila sababu?"

"Kila Jumatatu."

"Mumeo anajuaje?"

Nikafikiri. "Nagonga vikombe."

"Basi," alisema Zaituni, na macho yakamjaa. "Na mimi nataka kugonga vikombe. Nataka siku nikinuna, aone, aniulize nina nini, mimi niseme sina kitu, aniulize tena. Sitaki aangalie ubao. Nikae mezani kwangu, nywele hazijachanwa, na moyo wangu umeshatangazwa kabla sijafungua mdomo? Hata Mungu ananisubiri niombe."

Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma kama nimepigwa kofi. Miaka yote naamini nimetengeneza kitu cha kuwasaidia watu kupendana, na hapa kuna binti anayependwa kweli ameganda kama samaki wa barafu kwa ajili yake. Meza haikukosea. Ilisoma majivu, na majivu yalikuwepo. Lakini watakaoyaona wataelewa kwamba Zaituni hamtaki Msabila, wakati kitu asichokitaka ni meza yenyewe.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini? Amefurahi kama mtoto, kila siku ananionyesha picha za miguu ya meza. Na siku hizi ukisema hutaki meza, unajua unavyoulizwa. Una nini cha kuficha? Rafiki yangu alikataa, uchumba ukavunjika wiki ile ile." Alishika mkono wangu. "Zungusha tu, dada. Iwe dhahabu, tupige picha, tuondoke."

Nikaangalia ufunguo. Nikizungusha, binti atavuka leo salama, na Msabila atatoka hapa ameshika ushahidi kwamba meza inamjua mchumba wake. Ile ya nyumbani itaingia kwa shangwe, na safari hii hakutakuwa na fundi jikoni wa kumdanganyia kila asubuhi. Nisipozungusha, shaba itaganda, watu watauliza mmoja ni nani, na Msabila si mjinga. Kotekote uongo unaingia kwenye ndoa ile kabla ya maharusi.

Elineema akachungulia. "Dhahabu, Kalunde. Sasa hivi. La sivyo Jumatatu tutaongea vingine."

Mlango ukafungwa.

"Nikiizima," nilimuuliza Zaituni, "utasema mwenyewe?"

Alinitazama kama nimesema tuchome jengo. Meza ya Saa Nne Kamili haizimwi mgeni akiwa ameketi. Haijawahi.

"Sijui," akasema.

Nilipenda kwamba hakunidanganya. "Rudi ukakae," nikamwambia.

*

Swichi iko chini ya kioo, imefunikwa kwa plastiki. Niliibandua plastiki, nikabonyeza. Meza ya saba ikawa nyeusi. Na nje, kwenye ukuta mkubwa unaowaka, kikatokea kisanduku cheusi, na foleni nzima ikasema "Haaa!" kwa pamoja.

Msabila aligonga ubao kwa kidole. Akagonga tena. Akainama kuchungulia chini, na akiwa huko chini nikamsikia akiita, "Fundi! Fundi jamani!"

Nilikwenda. Sikuwa na maneno niliyoyaandaa.

"Imeharibika?"

"Imepumzika," nikasema.

"Itarudi saa ngapi? Tulikuwa karibu na dhahabu kabisa!"

"Sasa tutajuaje kama mchumba amefurahi?" aliuliza Mama Msabila, na hakuwa anatania.

Mzee Pazi alikuwa anachokonoa meno. "Sisi tulikuwa tunaangalia kama amemaliza chapati," alisema.

Ni neno la kawaida tu, mzee hakuwa na nia ya kumfundisha mtu. Lakini wote walitazama sahani ya Zaituni. Chapati ilikuwa nzima. Kitumbua kizima. Zabibu zote tatu zipo. Hata povu la chai lilikuwa limeshuka lenyewe bila kuguswa. Msabila alikuwa amekaa bega kwa bega naye tangu asubuhi, amepiga picha ile sahani kutoka kila upande, na nadhani ndipo alipoiona.

"Zai," alisema. "Hujala."

Zaituni akatikisa kichwa.

"Una nini?"

"Sina kitu."

Pale pale Msabila aliteremsha macho kwenye ubao, kwa mazoea. Ubao mweusi. Haukumwambia kitu. Akabaki ameinamia pale, halafu akanyanyua uso na kumtazama mwenzake. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumwona anavyomtazama: kama mtu aliyeingia chumba alichozoea na taa imekatika, anapapasa.

"Una nini?" aliuliza tena. "Ni mama? Alivyomlia mzee nyama?"

"Mama hana kosa."

"Nina kosa gani mimi?" alisema Mama Msabila. "Ile nyama ilikuwa yangu tangu enzi za babu!"

"Mama, subiri kidogo. Zai, ni haya makelele? Hizi kamera?" Kila akiuliza Zaituni anatikisa kichwa, na sauti ya kijana inazidi kushuka. "Ni mimi?"

Zaituni alisogeza sahani yake pembeni. Nilitamani nimsaidie na nikajizuia. Mzee Pazi alikuwa ameacha kuchokonoa meno.

"Ni meza," alisema Zaituni.

"Hii?"

"Ile unayoileta nyumbani. Siitaki, Msabila. Nimeogopa kukwambia maana utadhani nina siri. Sina siri. Nataka tu uwe unaniuliza."

Kijana aliumia, ilionekana wazi, hata meza isingeongeza kitu. Masikio yalimwiva.

"Nilitaka nisikukosee," alisema. "Baba alikuwa anakosea kila siku, na hajui amekosea wapi. Wala mama hasemi."

Mama Msabila alichukua leso yake akaikunja, akaikunja tena.

"Hakuwahi kuniuliza," alisema taratibu. "Angeniuliza ningemwambia. Siku ya kwanza ningemwambia hapana, lakini ya pili ningesema."

Msabila alimtazama mama yake. Halafu akamgeukia Zaituni.

"Mimi si mwepesi wa kukisia, Zai. Unanijua. Nitakosea."

"Nikosee tu," Zaituni akasema. "Mimi nina mdomo."

"Basi haiji. Kesho nafuta oda."

"Na wewe usinune kwa ajili yake."

"Nitanuna kidogo," alisema, na kwa mara ya kwanza wote wawili wakacheka pamoja, kicheko cha kwikwi, cha watu waliokuwa karibu kulia. Zaituni akavuta sahani. Aliikata ile chapati iliyopoa, akachovya kwenye chai isiyo na povu, akala. Mzee Pazi alitoa leso mfukoni, akaifungua na kumsogezea ile chapati ya mama aliyoiiba. "Ongeza na hii, mwanangu. Ya Kinyamwezi. Ina uzito."

"Utailipa hiyo, Mzaramo wewe!"

Nikawaacha wakianza upya.

Jikoni kioo kilikuwa kimebaki na kisanduku cheusi pale kwa saba. Ubao nilikuwa nimeuzima, lakini nyuzi bado zilikuwa hai. Kuna namna ya kuzisoma kwa ndani tu, bila rangi kuonekana ukumbini wala ukutani. Ni kugusa mara moja. Ningejua mara moja kama Zaituni amewaka, na mimi nilitaka sana kujua, maana nilikuwa nimeweka kazi yangu rehani kwa ajili yake. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo.

Kule ukumbini Msabila alikuwa anamuuliza kitu. Sikusikia alichouliza. Nilimwona tu Zaituni akiinama kumjibu sikioni, na kijana akisikiliza mpaka mwisho.

Nikaondoa kidole. Nikaenda kwa mpishi nikamwomba chapati nne za moto, za kawaida, zilizokunjwa kwa mkono, bila zabibu.

Elineema alinikuta nazipanga kwenye sinia. Uso ulikuwa umemkunjika, ila sauti ilikuwa ya chini.

"Huko nje wananiuliza saba walikuwa rangi gani mwishoni," alisema. "Nawaambia nini?"

"Sijui," nikamjibu, na nilikuwa nasema kweli. "Nenda ukawaulize."